Mtoe

Boflo mbili za mkate na robo ya sukari. Ndicho kilichomtoa Nadra nyumbani jioni ile, hana jengine alilokwendea. Duka liko pembeni tu, ukipiga chafya mlangoni kwa Nadra muuzaji anakuombea rehema. Mtoto kamwacha uani anacheza, mlango wa bati kaurudishia, kajitupia kanga kichwani, katoka. Hapa Ng'ambo ya Unguja hakuna mama asiyemwacha mtoto wa miaka mitatu kwa dakika tano. Kwa hiyo msianze kumlaumu sasa hivi. Ya kumlaumu yapo mbele, na mkiyafikia mtashindwa, kama mie nilivyoshindwa.

Ua ule ndio uliokuwa karakana ya mumewe, Ubwa. Ubwa akinunua vibovu: televisheni, friji, simu, betri za gari na za sola zilizokufa mahotelini. Nyaya akizichoma kwenye pipa apate shaba. Betri akizivunja kwa shoka, maji yake akayamwaga chini ya mpapai, na yale mabati ya ndani akayayeyusha kwenye sufuria kuukuu apate chubwi, yale mazito wanayofunga wavuvi kwenye mishipi. Mpapai ulikauka mwaka wa kwanza. "Mpapai dume tu huo," alisema mama yake Ubwa, Bi Mwanakheir, "hata ukiishi hautuzalii." Wakacheka, wakaukata, wakaendelea na maisha.

Udongo wa pale ulikuwa mweusi na laini kama unga, na mtoto wao, Ummy, akiupenda. "Mama, udongo mtamu," alimwambia siku moja, midomo myeusi. Nadra alimtia kidole kinywani akamsafisha, akamkaripia kidogo, basi. Mtoto gani asiyekula udongo? Yeye mwenyewe alipokuwa na mimba ya Ummy aliutafuna mpaka mumewe akambandika jina la mchwa.

Jioni hiyo alirudi na boflo kwapani. Mwadhini alikuwa anajikohoza kwenye kipaza sauti. Mlango wa bati aliourudishia, akaukuta wazi.

Harufu ndiyo iliyomsimamisha. Plastiki ya kuungua, na chini yake kitu kikali cha kuchoma pua, maji ya betri. Lakini pipa halikuwashwa siku ile. Ubwa alikwenda Bwejuu tangu asubuhi kuchukua betri za hoteli.

Kisha akasikia.

Kwaruu... kwaruu...

Bati linakwaruza ardhi.

Mwanamke alikuwa amechutama mbele ya Ummy. Kavaa baibui la zamani, lile la kufunga kwa kamba, limepauka mpaka limekuwa rangi ya majivu. Mkononi ana kopo la maziwa ya watoto, picha imeshafutika. Alimshika Ummy kifundo cha mguu, taratibu, kama anayemvisha kiatu. Akauinua mguu. Akachota udongo uliokuwa chini yake kwa mdomo wa kopo. Akaurudisha mguu chini. Akaushika wa pili.

Ummy anacheka. Anaona anatekenywa.

"Nani wewe?" Nadra alinong'ona.

Mwanamke akainua uso. Si mzee, si kijana. Midomo imemkauka, na alipoifungua Nadra aliuona ufizi wake: pale meno yanapoota pana mstari wa buluu, kama wa mtu aliyetafuna kalamu ya wino.

"Mtoe," alisema. Akameza mate kwa taabu. "Mtoe... mtoe..."

Hapo ndipo penye msiba wenyewe, kwa hiyo nisikilizeni vizuri. Neno hilo kila mtu hulisema mara kumi kwa siku. Mtoe mtoto juani. Mtoe kuku jikoni. Lakini likitoka kinywani mwa mtu usiyemjua, saa ya magharibi, naye kashika udongo wa unyayo wa mwanao, linakuwa neno jengine. Kwetu wakisema fulani kamtoa mwanawe, watu hushusha sauti. Maana yake wachawi wenzake walidai nyama, na yeye kawapa ya kwake. Na udongo wa unyayo ndio wanaoutumia kumvuta mtoto, hilo halina asiyelijua.

Nadra alimrushia boflo. Zote mbili. Kisha akavua kandambili.

"Mchawi mkubwa we! Toka kwangu, na shari yako!"

Yule mwanamke hakukimbia, na hakusema zaidi. Alilifunika kopo, akalikumbatia kifuani, akatoka. Macho yalikuwa yanamtiririka machozi. Nadra aliyaona machozi yale, wallahi aliyaona, na akayaweka katika hesabu ya uchawi.

Alimbeba Ummy, akatazama chini. Kila mahali mtoto alipokanyaga pana kishimo. Nyayo zake mwenyewe Nadra zipo, na alama za kandambili zipo. Za yule mwanamke hazikuwepo hata moja. Labda baibui lilibururika likazifuta. Labda.

Tangu jioni ile Nadra akawa anafagia. Ikikaribia magharibi anashika ufagio wa njiti, anaufagia ua mzima kutoka ukutani mpaka mlangoni, asibakishe unyayo wa mtoto hata wa kidole. Vumbi jeusi linapanda mpaka juu ya bati, linashuka kwenye ndoo za maji, kwenye chungu, kwenye kitanda. Ummy anamfuata nyuma na kijifagio chake, anakohoa, anafurahi kumsaidia mama.

Haukupita muda mtoto akaanza kubadilika. Tumbo linamsokota, choo hapati, chakula hataki. Akawa mweupe viganja. Alikuwa akihesabu mpaka kumi bila kukosea, sasa akifika tatu anasimama, anamtazama mama yake amsaidie, na akisaidiwa anaanza tena moja. Hilo la kuhesabu lilimuuma Nadra kuliko tumbo.

Alimpeleka spitali. Daktari akamfunua mtoto macho, akasema damu kidogo, akaandika dawa ya kuongeza damu. Kisha akauliza, kalamu bado iko karatasini, "Nyumbani mnafanya kazi gani?"

"Biashara," alijibu Nadra.

Ndivyo tunavyojibu sote. Ukiuza ndizi ni biashara, ukivunja betri ni biashara. Nani atamsimulia daktari mambo ya pipa na shoka, aonekane mtu wa jalalani? Daktari akaitikia kwa kichwa, akaita mwengine.

Dawa iliisha, mtoto vilevile. Usiku mmoja Nadra alimpigisha mswaki akaona ufizi. Mstari wa buluu, mwembamba kama uzi, umepita chini ya meno yote ya chini.

Akamwamsha mkwewe. Bi Mwanakheir alitazama kwa taa ya simu, akaizima.

"Unyayo ushachukuliwa, mwanangu," alisema. "Mchana tunakwenda kwa mganga, Mzee Kificho."

Mzee Kificho anakaa Bwejuu, na nawaambieni mapema, hakuwa tapeli. Hakuomba kitu. Alimpakata Ummy, akamsomea, akasikiliza habari ya kopo na baibui na lile neno, na machozi yakamlenga. Alisema unyayo uliochukuliwa hurudishwa kwa udongo wa palepale. Wachukue udongo mahali mtoto alipokuwa akicheza sana, wauchekeche kwa kitambaa cheupe, wautie marashi na maji, wamnyweshe kijiko kimoja kila alfajiri kwa siku saba. Mwili ukionja udongo wake utakumbuka njia ya kurudi.

"Na anyweshwe na mkono wa mama," alisema. "Mkono mwengine haufai."

Basi Nadra akanywesha.

Alichagua mahali kwa makini, pale lilipokuwa shina la mpapai, maana Ummy alikuwa akikaa hapo kutwa. Aliuchekecha udongo kwa kitambaa alichobakiza cha harusi yake. Alfajiri ya kwanza alijitayarisha kumbana mtoto pua, kama dawa nyengine. Wapi. Ummy alikunywa, akakilamba kijiko.

"Tamu," alisema. "Nipe tena."

Na Nadra, maskini ya Mungu, alifurahi. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi mwanawe kaomba kitu. Akampa cha pili.

Siku ya sita, jua linazama, Ummy alikaza mwili mikononi mwake. Macho yakageuka weupe. Meno yakaumana.

Degedege.

"Nampeleka spitali," Nadra alisema.

"Ukampeleka watamchoma sindano," Bi Mwanakheir alinong'ona, "na mtoto wa degedege akichomwa sindano harudi. Nilimpoteza kaka yake Ubwa hivyo hivyo. Mfunike. Mfunike, nimfukize."

Walimfunika kaniki, wakamfukiza. Moshi ulijaa chumbani, na ndani ya moshi ule Nadra akasikia harufu nyengine. Plastiki ya kuungua. Maji ya betri.

Ummy alitulia. Akafungua macho, akatazama mlangoni ambako hapakuwa na mtu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "yule bibi analia."

Huko uani...

Kwaruu... kwaruu... kwaruu...

Nadra hakutoka kwenda kutazama. Alimkumbatia mwanawe, akayaziba kwa kaniki masikio yake na ya mtoto. Alipoyazibua, uani kimya. Na mikononi mwake kimya.

Ummy alizikwa asubuhi, makaburi ya Mwanakwerekwe. Wanaume walikwenda, wanawake walibaki wanasoma. Ubwa aliporudi alikaa barazani, mikono kaiweka mbele yake, kucha zimejaa udongo mwekundu wa kaburini. Nadra alimletea maji anawe. Hakunawa.

Siku ya tatu, baada ya hitma, watu wanatawanyika, alikuja kijana mmoja wa miwani, kashika bahasha. Alijitambulisha kwa jina la Shamsi, mtu wa Mazingira. Alitoa pole kwa msiba, bila kujua ni wa nani, akamgeukia Ubwa.

"Mie ndiye niliyepita mwezi ule nikakuomba udongo wa kupima. Ulinipa ruhusa, unakumbuka? Majibu yametoka. Sheha wa mtaa nshampa karatasi yake, lakini nimeona nije mwenyewe." Akaifungua bahasha, akaifunga tena. "Udongo wa ua huu una risasi nyingi mno."

"Risasi?" Bi Mwanakheir alishtuka. "Nani aliyepigana hapa?"

"Si ya bunduki, bibi. Madini. Yamo ndani ya betri. Yakimwagika hayaozi, hayachakai, yanakaa udongoni. Mtu mzima yanamdhuru polepole. Mtoto mdogo akila udongo, au akivuta vumbi lake, yanampanda damuni, yanampanda kichwani." Akateremsha sauti. "Kwa hiyo kama kuna mtoto hapa, mtoeni. Leo hii. Mtoeni."



Nadra alilisikia neno lile likiingia upya masikioni mwake. Safari hii liliingia kavu, kama analolisema mtu akiona mtoto kakaa juani. Mtoe mtoto. Mtoe hapa. Aliona mkono unauinua mguu wa Ummy taratibu na kuuondolea udongo uliokuwa chini yake. Aliona machozi. Kisha akaona kijiko.

"Yule mama mliyemtuma kwanza," aliuliza, "yule wa kopo. Anaitwa nani?"

Shamsi alimtazama. "Mama gani? Kazi hii naifanya peke yangu. Hatukumtuma mwanamke."

Alipoondoka, Ubwa alizungumza akiwa kaugeukia ukuta. Alisema neno risasi alilijua. Siku nyingi. Mwalimu wake wa kazi alimwambia asile bila kunawa, ati yale chubwi yana sumu. "Mie nikinawa," alisema. "Nilidhani kunawa kunatosha. Nilipomwona mtoto anadhoofu nilitaka kusema, nikaogopa. Nilijiambia, nikilisema litakuwa kweli." Akalia kama mtoto aliyepigwa. Nadra hakumshika bega, wala hakumtukana. Angemtukana kwa lipi, na kijiko alikishika nani?

Bi Mwanakheir ndiye aliyebaki na la kusema, na alilisema jioni, kwa kunong'ona, kama anayeogopa ukuta.

"Kabla hatujaupanga ua huu alikuwepo fundi betri. Mkewe akiitwa Maisara. Walizikwa watoto wake watatu, mmoja baada ya mmoja, wote wa umri huu huu. Mtaa ukasema kawatoa. Sote tulisema. Mie nilisema. Tukamfukuza. Alitoka na baibui lake na kopo la maziwa la yule mdogo, basi. Wengine wanasema alifia shamba. Wengine wanasema bado yupo. Sijui, mwanangu. Sijapata kumwona tena, na siku uliponitajia lile kopo nilinyamaza kwa haya."

Ningeweza kuishia hapo, na mngelala. Lakini msiba wa Nadra haukuishia hapo.

Mtaani walishaanza. Kwanza bombani, kisha dukani. Nadra kamtoa mwanawe. Hamkumwona akifagia kila magharibi? Hamkusikia alivyokuwa akimnywesha alfajiri kwa mkono wake? Na hilo la mwisho ndilo lililommaliza, kwa sababu lilikuwa kweli. Yeye na Ubwa wakahama, wakapanga chumba Mwanakwerekwe, karibu na makaburi. Ubwa akapata kazi ya kubeba mizigo bandarini. Walikuwa wakila pamoja bila kuzungumza.

Mwenye ua hakuijali karatasi ya sheha. Alileta magari mawili ya mchanga mweupe, akamwaga juu, akapaka kuta chokaa, akapangisha. Kwa mwanamke anayeitwa Fathiya, na mumewe na kitoto chao cha miaka miwili. Nadra alizisikia habari hizo sokoni, akauacha mchicha wake juu ya meza ya muuzaji.

Alikwenda kwa sheha, akaambiwa suala linashughulikiwa. Alikwenda mpaka mlangoni kwa Fathiya mchana kweupe, jirani akamwona akapiga kelele, mlango ukafungwa kabla hajatoa salamu. Alimtafuta Shamsi, akaambiwa kahamishiwa Pemba.

Masika yalipita. Jioni moja Nadra alitoka kwenda kununua boflo. Hana jengine alilokwendea, alimwambia Ubwa hivyo, na nna hakika ndivyo alivyokusudia. Namna alivyofika Ng'ambo hakumbuki. Alijikuta mbele ya mlango wa bati, umerudishiwa. Akausukuma.

Mvua ilikuwa imeshauchimbua mchanga. Weusi umepanda juu, mabaka mabaka. Kitoto cha Fathiya kimekaa pale lilipokuwa shina la mpapai, kinachovya kidole kwenye weusi, kinalamba. Kilimtazama Nadra, kikacheka.

Nadra alichutama. Alikishika kifundo cha mguu. Kilikuwa cha moto na laini, kama kile cha Ummy. Maneno ya kumwambia mama yake alikuwa nayo yote tayari, miezi ameyapanga. Usimpe udongo huu, hata kwa dawa. Usifagie pakavu. Ukiulizwa spitali mnafanya kazi gani au mnakaa wapi, sema kila kitu. Akishikwa na degedege mkimbize, usimsikilize mtu. Uninyonge mie ukitaka, lakini mwanao mhamishe leo.

Kwaruu... kwaruu...

Aligeuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Akatazama chini.

Sauti ilikuwa inatoka mkononi mwake. Ameshika kopo la maziwa ya watoto, picha imefutika, limejaa nusu. Nyumbani alitoka na kanga na mkoba mtupu. Kopo hakuwa nalo.

"Nani wewe?"

Fathiya alikuwa kasimama mlangoni, mkate kwapani, uso hauna damu.

Nadra alifungua kinywa. Ulimi ulikuwa mzito, na una ladha ya utamu, utamu wa chuma. Maneno yote yale aliyoyapanga aliyatafuta, na yote yalikuwapo, yamejazana kooni hayapiti. Akameza mate. Likapita moja.

"Mtoe," alisema.

Akaona Fathiya anaacha kuyatazama macho yake na kuutazama mdomo. Anautazama ufizi. Mkate ulianguka mchangani, mkono ukashuka kuvua kandambili, na Nadra alijua kitakachosemwa kabla hakijasemwa, neno kwa neno.

Hakukimbia. Alilifunika kopo, akalikumbatia kifuani, akainuka. Ua ule ni mkubwa na kopo ni dogo. Itabidi arudi kesho.